Kongosho Lililochakaa na Dawa za Maumivu za Miaka Mingi

Kongosho ni tezi laini yenye urefu wa takribani sentimita 15, iliyolala kwa upana nyuma ya tumbo la chakula, kichwa chake kikiwa kimezungukwa na mpindo wa kwanza wa utumbo mwembamba na mkia wake ukifika karibu na bandama. Kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni kutengeneza maji ya kusaga chakula, yanayokadiriwa kuwa lita moja na nusu kwa siku kwa mtu mzima, ambayo hubeba vimeng'enya, yaani protini maalumu zinazovunja wanga, mafuta na nyama kuwa chembe ndogo zinazoweza kufyonzwa na mwili. Ya pili ni kutoa homoni, insulini ikiwa mojawapo, kutoka kwenye visiwa vidogo vya seli ambavyo mwanafunzi wa udaktari wa Kijerumani, Paul Langerhans, alivieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1869 bila kujua vinafanya kazi gani. Vimeng'enya hivyo vina nguvu ya kutosha kuyeyusha nyama ya kongosho lenyewe, na ndiyo sababu hutengenezwa vikiwa vimelala, visiamke mpaka vifike utumboni.

Vinapoamka mapema, vikiwa bado ndani ya tezi, kongosho huanza kujila. Tukio moja la namna hiyo huitwa mchochota wa ghafla wa kongosho, mchochota ukiwa ni hali ya kiungo kupata moto, kuvimba na kuuma kwa sababu ya jeraha la ndani, na wagonjwa wengi wanaolazwa kwa tukio hilo hupona na kurudi nyumbani. Mchochota sugu ni jambo jingine, kwa kuwa jeraha hurudiwa kwa miezi na miaka hadi nyama laini ya tezi igeuke kovu, mirija yake ibanwe hapa na kutanuka pale, na ndani ya mirija hiyo vigande vijiwe vya chokaa ambavyo wakati mwingine huonekana hata kwenye picha ya kawaida ya eksirei. Kovu halirudi kuwa tezi, wala hakuna dawa iliyogunduliwa ya kulirudisha, hivyo matibabu yote yaliyopo hushughulikia matokeo yake matatu: maumivu, chakula kisichosagika na sukari isiyotawalika. Katika hayo matatu, ni maumivu yanayompeleka mgonjwa hospitalini mara kwa mara, na ni maumivu yanayomwacha na mfuko wa dawa ambao hakuna aliyemweleza utaishia wapi.

Chanzo kinachotajwa kwanza ni pombe, na ni kweli kwamba unywaji mkubwa wa miaka mingi, uwe wa bia, konyagi, gongo, chang'aa au waragi, ndio sababu kuu katika nchi nyingi. Lakini wengi wanaokunywa sana hawaupati ugonjwa huu, na wengi wenye ugonjwa huu hawajawahi kuonja pombe. Uvutaji wa sigara huharibu kongosho kwa njia yake wenyewe hata kwa asiyekunywa, na mtu anayefanya yote mawili huongeza hatari mara dufu. Wapo ambao mafuta au kalsiamu katika damu yao imezidi mno, wapo ambao kinga ya mwili imeligeukia kongosho, na wapo waliorithi kasoro katika vinasaba, jambo lililothibitika mwaka 1996 pale watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walipoipata kasoro katika kinasaba cha kimeng'enya kinachoitwa tripsini kwenye familia zilizokuwa zikiugua kizazi baada ya kizazi. Madaktari na manesi wanaoanza mahojiano kwa swali la pombe wana haki ya kuuliza. Wanaomaliza mahojiano kwa swali hilo hilo hukosea, kwa sababu mgonjwa aliyekwisha kuhukumiwa kuwa mlevi hupewa dawa ya maumivu kwa mkono mzito, na aghalabu huacha kusema ukweli kuhusu lolote.

Nchi za joto zina aina yake ya mchochota sugu, inayowashika vijana na hata watoto wasiohusika na pombe, ikijaza kongosho vijiwe vikubwa na kuleta kisukari mapema. Ilielezwa kwa kina katika jimbo la Kerala kusini mwa India, na wagonjwa wa namna hiyo waliripotiwa pia Uganda miaka ya 1960, wakati ambapo utapiamlo wa protini ulikuwa ukichunguzwa kwa bidii Kampala. Kwa muda mrefu lawama zilielekezwa kwenye muhogo, kwa hoja kwamba muhogo mchungu usioandaliwa vizuri hubaki na sumu ya sianidi. Lakini ugonjwa ulikutwa mahali ambapo muhogo hauliwi, na haukuenea katika kila nchi ambako muhogo ndio chakula cha kila siku, na uchunguzi wa baadaye ukaonyesha kwamba wengi wa wagonjwa hao wana kasoro katika kinasaba kingine, kile kinachotengeneza protini ya kuizuia tripsini. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 1985 lilikiorodhesha kisukari cha namna hiyo chini ya utapiamlo, lilikiondoa huko mwaka 1999 na kukiweka panapostahili, miongoni mwa magonjwa ya kongosho.

Maumivu yenyewe yana sura inayotambulika. Hukaa chini ya chembe ya moyo, juu ya kitovu, yakipenya moja kwa moja hadi mgongoni kana kwamba kuna kitu kilichochomekwa katikati, na huzidi nusu saa hivi baada ya kula. Mgonjwa hawezi kulala chali. Huketi ukingoni mwa kitanda akiwa ameinama mbele, mto ameukumbatia tumboni, kwa sababu mkao huo huliondolea kongosho mgandamizo wa uti wa mgongo. Wengine huumwa kwa vipindi vya siku kadhaa na kupata nafuu ya wiki au miezi, wengine huumwa kila siku bila pengo. Kwa kuwa chakula na maumivu huja pamoja, mgonjwa hujifunza kuogopa chakula, akaanza kuruka mlo, akakonda, na ndugu zake wakadhani ameathirika na jambo jingine.

Hapo zamani maumivu hayo yalielezwa kwa nadharia ya bomba lililoziba: kijiwe kimekaa njiani, maji ya kongosho yamejaa nyuma yake, shinikizo limepanda, tezi inauma. Nadharia hiyo haijafa, na kuna wagonjwa ambao wakiondolewa kijiwe hupata nafuu siku ileile. Hata hivyo, vipande vya kongosho vilivyochunguzwa kwa hadubini huonyesha kwamba neva zilizomo ndani ya tezi iliyochakaa zimenenepa na kuvamiwa na seli za mchochota, na vipimo vya hisia vimeonyesha kwamba, baada ya kupokea taarifa za maumivu kwa muda mrefu, uti wa mgongo na ubongo hubadili namna ya kuzipokea, hata mguso mdogo ukasomeka kama jeraha. Katika hatua hiyo maumivu yamekuwa ugonjwa wa pili uliozaliwa na ule wa kwanza na unaoweza kuishi bila ya mzazi wake, na hapo ndipo palipo ufunguo wa kuelewa kwa nini dawa iliyofaa mwaka wa kwanza haifai mwaka wa tano, na kwa nini kuongeza vidonge peke yake si mpango. Wala kipimo cha damu hakisaidii kumpima mgonjwa anayeumwa, kwa sababu vimeng'enya vya amilesi na lipesi, ambavyo hupanda sana katika mchochota wa ghafla, mara nyingi huwa vya kawaida katika mchochota sugu, tezi ikiwa imeungua kiasi cha kukosa cha kumwaga kwenye damu. Majibu safi ya maabara hayamaanishi kwamba mgonjwa anadanganya.

Mpango wa dawa kwa kawaida hufuata ngazi ambayo Shirika la Afya Duniani liliitangaza mwaka 1986 kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, ikianza na dawa nyepesi na kupanda kulingana na maumivu. Daraja la kwanza lina parasetamoli, ambayo mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu nne kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na kiasi hicho hupunguzwa kwa aliyekonda sana au mwenye ini lililochoshwa na pombe. Daraja hilohilo lina ibuprofeni na diklofenaki, dawa zinazopendwa mno mitaani kwa kuwa hupatikana kirahisi, lakini mtu anayezimeza kila siku kwa miezi hujitafutia vidonda vya tumbo na hitilafu ya figo, na maumivu ya kidonda cha tumbo hutokea mahali palepale panapouma kongosho, kiasi kwamba mgonjwa anaweza kuongeza dozi ya kitu kinachomuumiza.

Daraja la pili ni la tramadoli na kodeini, dawa za jamii ya afyuni zenye nguvu ya wastani, na kwa wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hapa ndipo safari ya kweli inapoanza na pia ndipo inapopotea njia, kwa sababu tramadoli, ingawa ni dawa ya cheti, hununuliwa kwa mazoea bila cheti. Kiwango chake cha juu ni miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima mwenye figo nzima. Zaidi ya hapo, au ikichanganywa ovyo na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo, huweza kuleta degedege. Kodeini nayo si dawa kamili mpaka ini liigeuze kuwa mofini, na kasi ya ini kufanya hivyo hurithiwa: wapo ambao kodeini haiwasaidii kitu, na wapo ambao huigeuza haraka mno hata dozi ya kawaida ikawalewesha, kundi ambalo ni kubwa zaidi Ethiopia kuliko Ulaya. Mgonjwa anayesema kidonge kile hakikumfanya lolote, au kwamba kidonge kimoja tu kilimlaza siku nzima, huenda anaeleza tabia ya ini lake na wala hatafuti dawa kali zaidi.

Kando ya ngazi hiyo zipo dawa ambazo hazikubuniwa kwa ajili ya maumivu lakini hutuliza neva zilizochachamaa. Amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu ya kutibu sonona, hutolewa usiku kwa dozi ndogo ya miligramu 10 hadi 25, ikisaidia pia usingizi. Pregabalini, iliyobuniwa kwa kifafa na maumivu ya neva, ilijaribiwa kwa wagonjwa 64 wa mchochota sugu huko Denmark na Uholanzi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba iliwapunguzia maumivu kuliko kidonge kisicho na dawa, ingawa jaribio lenyewe lilidumu wiki tatu tu. Mara nyingi dawa hizi huachwa mapema, kwa kuwa mgonjwa anatarajia nafuu ndani ya saa moja kama ya sindano, ilhali amitriptilini huhitaji wiki kadhaa, na mtoaji dawa aliyekosa dakika mbili za kulieleza hilo ameitupa dawa nzima.

Daraja la tatu ni mofini, na historia yake katika ukanda huu ni ya kujivunia kwa sehemu. Mkataba Mmoja wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961, unaotajwa zaidi kwa makatazo yake, unatamka pia kwamba matumizi ya dawa hizo kwa tiba ya maumivu hayawezi kuepukwa na kwamba nchi zinapaswa kuhakikisha zinapatikana. Nairobi Hospice ilifunguliwa mwaka 1990. Hospice Africa Uganda ilianzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ikaeneza mofini ya maji inayotengenezwa kwa kuchanganya unga wa dawa na maji safi, yenye bei ndogo na inayonyweka nyumbani. Mwaka 2004 Uganda ikabadili kanuni na kuwaruhusu manesi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso, kuiandika wao wenyewe bila kumsubiri daktari. Tanzania nayo imeigawa mofini ya maji kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mafanikio hayo yote, hata hivyo, yamejengwa juu ya sura ya mgonjwa wa namna moja: mwenye saratani au maradhi mengine yanayoelekea mwisho, ambaye hoja ya miaka kumi ijayo haimhusu sana. Mwenye kongosho lililochakaa anaweza kuwa na umri wa miaka 28 na kuishi miongo kadhaa, akiumwa kwa ukali uleule, na mlango wa tiba shufaa haukuchongwa kwa kimo chake. Wodi ya kawaida humchoma sindano ya pethidini na kumruhusu kwenda nyumbani, naye akarudi baada ya siku tatu.

Pethidini yenyewe inastahili neno. Vizazi vya madaktari vilifundishwa kwamba mofini hubana mlango wa mrija wa nyongo na kongosho, na kwamba pethidini ni salama zaidi kwa sababu haibani. Fundisho hilo halina ushahidi wa maana kwa wagonjwa wa mchochota, wakati ambapo pethidini hufanya kazi kwa saa chache tu na kuacha mwilini mabaki yanayoweza kuleta degedege yakirundikana. Bado inaandikwa kwa wingi.

Mgonjwa anayewekwa kwenye dawa za jamii ya afyuni kwa muda mrefu anahitaji kutofautishiwa mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Mwili kuzoea dawa ni hali ya dozi ileile kupungua nguvu kadiri muda unavyopita, na hutokea kwa kila mtu kwa viwango tofauti. Utegemezi wa mwili ni hali ya mwili kuasi pale dawa inapokatwa ghafla, kwa miayo, jasho, kutetemeka, vipele vya baridi, kuharisha na kukosa usingizi, na huu pia hutokea hata kwa mtu mwaminifu kabisa anayemeza kidonge kama alivyoandikiwa. Uraibu ni jambo la tatu: kuitamani dawa na kuitumia bila kujizuia hata pale inapomharibia mtu kazi, ndoa na afya, na huwapata baadhi tu, hasa wenye historia ya ulevi au majeraha ya nafsi. Anayeitwa mraibu kwa sababu tu mwili wake umeizoea dawa ametukanwa bila haki, na anayeambiwa kwamba hawezi kuwa mraibu kwa kuwa maumivu yake ni ya kweli amedanganywa.

Kuna pia madhara ambayo hayatajwi sana barazani. Kufunga choo hakuzoeleki, tofauti na kichefuchefu na usingizi ambavyo hupungua baada ya siku chache, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo inapaswa kuandikwa siku ileile inayoandikwa mofini. Zaidi ya hapo, baadhi ya wagonjwa hupata maumivu mapya ya tumbo yanayoletwa na dawa yenyewe, utumbo ukiwa umepoozwa na neva zikiwa zimeongezewa wepesi wa kuhisi. Kila dozi inapopandishwa nafuu huwa fupi kuliko ya awali, na maumivu ya msingi hupanda. Kwa mtu anayetibiwa ugonjwa wa tumbo mtego huu ni hatari kupita kawaida, kwa sababu kila mtu, mgonjwa na daktari, hudhani ni kongosho. Wanaume wengi wanaotumia dawa hizi kwa miaka hupungukiwa na homoni ya kiume, wakakosa nguvu na hamu ya tendo la ndoa, na kwa haya hawasemi. Hatari kubwa kuliko zote ni pumzi kupungua, nayo huongezeka pale mofini au tramadoli inapokutana na pombe au dawa za usingizi kama diazepamu.

Marekani inatoa mfano wa kuyumba pande zote mbili. Kidonge cha oksikodoni cha kuachia dawa polepole kiliingia sokoni huko mwaka 1996 kikitangazwa kwa nguvu hata kwa maumivu yasiyo ya saratani, na mwaka 2007 kampuni iliyohusika ilikiri mahakamani kosa la kupotosha watu kuhusu hatari yake ya uraibu, wakati huo janga likiwa limekwisha kuenea. Mwaka 2016 mamlaka za afya zikatoa mwongozo wa tahadhari, nao ukasomwa kama sheria: wagonjwa waliokuwa wametulia kwa miaka wakakatiwa dawa ndani ya wiki chache, hadi mwaka 2019 idara ya kusimamia dawa ikalazimika kuonya kwamba kukata ghafla kumeleta maumivu makali na hata watu kujiua, na mwongozo wenyewe ukaandikwa upya mwaka 2022. Afrika Mashariki haiko kwenye janga la namna hiyo kwa mofini, ambayo tatizo lake hapa ni uhaba. Lakini kwa tramadoli ya dukani, isiyo na daftari wala mtu wa kumwuliza mgonjwa anaendeleaje, nusu ya kwanza ya hadithi hiyo ina mazingira ya kujirudia.

Kliniki zenye uzoefu hukubaliana na mgonjwa tangu dozi ya kwanza kwamba lengo si sifuri ya maumivu, kwa kuwa sifuri hiyo hununuliwa kwa usingizi wa kutwa, bali ni kazi mahususi inayoweza kupimwa: kukaa dukani hadi saa nane mchana, kulala saa tano mfululizo, kula mlo wa jioni na watoto. Mgonjwa hupewa daftari la kawaida la shule na kulichora mistari minne, mmoja wa saa, mmoja wa kilicholiwa, mmoja wa maumivu kutoka 0 hadi 10, na mmoja wa dawa iliyomezwa pamoja na alichoweza kufanya baada yake. Baada ya mwezi mmoja kurasa hizo huonyesha yale ambayo mazungumzo hayaonyeshi, kwa mfano kwamba kidonge cha alfajiri kinamezwa kwa hofu ya maumivu ambayo hayajafika, au kwamba siku mbaya zote zimefuata chips na kuku wa kukaanga. Dozi ikiongezwa na mstari wa mwisho ukabaki vilevile, dawa hiyo imeshindwa na haina sababu ya kuendelea kupanda.

Chakula chenyewe ni sehemu ya tiba ya maumivu kuliko inavyodhaniwa. Mafuta huanza kupita bila kusagwa pale tezi inapobakiwa na chini ya asilimia 10 ya uwezo wake wa kutoa lipesi, na dalili yake ni choo kingi, cha rangi hafifu, chenye kung'aa na kunuka sana, kinachoelea na kukataa kusukumwa na maji. Pamoja na mafuta hupotea vitamini A, D, E na K, na mifupa hudhoofika. Tiba ni kapsuli za vimeng'enya, kwa kawaida uniti 40,000 hadi 50,000 za lipesi kwa mlo mkubwa na nusu yake kwa kitafunwa, zikimezwa pamoja na matonge ya kwanza na katikati ya mlo bila kutafunwa, kwa kuwa kapsuli iliyomezwa saa moja kabla ya ugali hufika utumboni peke yake na kupita. Kwa bahati mbaya bei yake ni kubwa na nje ya miji mikubwa hazipatikani kirahisi. Zaidi ya hayo, vimeng'enya vinavyouzwa leo hutokana na kongosho la nguruwe, na mgonjwa Mwislamu anapaswa kuelezwa hilo waziwazi badala ya kuligundua kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Wanazuoni wengi huikubali dawa ya namna hiyo kwa kanuni ya dharura pale isipokuwepo mbadala, na mgonjwa aliyelizungumza na shehe wake huimeza kwa moyo mweupe kuliko aliyefichwa.

Sukari nayo ina tabia yake. Tofauti na kisukari cha kawaida, hapa tezi imepoteza insulini na pia glukagoni, homoni inayoinyanyua sukari inapoanguka, hivyo mgonjwa anayetumia insulini anaweza kushuka ghafla, akatoka jasho na kutetemeka au kupoteza fahamu, hasa akiwa ameruka mlo kwa sababu ya maumivu. Mfungo wa Ramadhani kwa mtu wa namna hii ni jambo la kujadiliwa na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama.

Swali gumu zaidi ni la upasuaji, yaani lini. Mwaka 1984 watafiti wa Zurich walitoa hoja kwamba maumivu hujizima yenyewe kongosho linapoungua kabisa, na kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa wavumilie, dawa zikipandishwa taratibu wakati wa kusubiri. Tafiti za baadaye hazikuiunga mkono hoja hiyo: wengi hawakuzimikiwa. Mwaka 2020 Waholanzi walichapisha jaribio la wagonjwa 88 wenye mrija uliotanuka, ambao walikuwa wametumia dawa kali za jamii ya afyuni kwa muda mfupi tu, likalinganisha upasuaji wa mapema na njia ya kawaida ya kupanda ngazi ya dawa, kisha mpira wa kuchunguzia tumbo, kisha kisu. Katika miezi 18 waliopasuliwa mapema waliumwa kidogo zaidi, ingawa tofauti haikuwa kubwa ya kustaajabisha. Operesheni yenyewe, ambayo misingi yake iliwekwa miaka ya 1950, hulipasua kongosho kwa urefu, huondoa vijiwe na kuushona mrija kwenye utumbo ili maji yapate pa kutokea. Inamfaa mwenye mrija mpana. Aliyenasa katika kovu la mirija midogo hana cha kutobolewa, na kwa baadhi yao, katika hospitali chache za nchi tajiri, kongosho lote huondolewa na visiwa vya Langerhans kupandikizwa kwenye ini, kama ilivyofanyika kwa mara ya kwanza Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1977.

Aliyepasuliwa akapona shinikizo hatupi dawa zake siku hiyo. Neva zilizofundishwa kuumwa kwa miaka huchukua muda kusahau, na mwili uliozoea mofini huasi, hivyo kwa aliyetumia mwaka mmoja au zaidi dozi hupunguzwa kwa takribani asilimia 10 kwa mwezi, ikisimamishwa palepale ilipo mwezi ukiwa mbaya bila kurudishwa juu, na amitriptilini ikiachwa iendelee hadi mwisho wa kazi hiyo. Kwa hesabu hiyo kuishusha dawa huweza kuchukua mwaka mzima au zaidi, na katika mwaka huo mgonjwa husafiri, huoa, hufiwa, huhamia kazi Dubai au Muscat; na nchi kama Falme za Kiarabu huihesabu tramadoli miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa, ikimtaka msafiri awe na cheti na kibali cha wizara ya afya ya huko kabla ya kupanda ndege, hata kama kwenye begi lake mna vidonge kumi tu vya kumalizia dozi.